Kikundi cha kuacha pombe hakina posho

Swali ninaloulizwa zaidi na walevi wenzangu wa Tabora ni hili: "Je, wakiniona naingia kwenye mkutano wa kuacha pombe?" Mji wetu ukikohoa Ng'ambo, pole inakufikia kutoka Kiloleni. Hofu hiyo naielewa. Lakini kaka, watu haohao wamekuona ukirudishwa nyumbani kwenye toroli, kiatu mguu mmoja, na kesho yake ukapita palepale. Leo unaogopa wakuone umekaa kwenye kiti, mzima, kikombe cha chai mkononi?

Kabla ya mkutano, hospitali. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha ukachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa kwa hilo. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, uulizie huduma za afya ya akili. Jina lisikutishe, ulevi unatibiwa hukohuko. Muulize pia afisa ustawi wa jamii kama kuna kikundi anachokifahamu.

Mikutano ninayoizungumzia ni ile ya AA (Alcoholics Anonymous), walevi wanaosaidiana kuacha pombe bila kutajana majina kamili. Ilianza 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili: Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Daktari alikubali kumsikiliza mgeni kwa dakika 15 tu, wakaishia kuongea saa kadhaa. Mahubiri alishayasikia mengi. Mtu anayesimulia ulevi wake mwenyewe ndiye alikuwa mpya kwake. Mkutano mpaka leo ndivyo ulivyo: mmoja anasimulia, wengine wananyamaza, anafuata mwingine. Hakuna wa kukujibu wala kukukosoa. Sharti la kujiunga ni kutaka kuacha. Unataja jina la kwanza tu, na ukisema "leo nasikiliza" wanakupita bila neno.

Dar es Salaam na Nairobi vipo vikundi vya kukaa ana kwa ana. Huku kwetu, kama hujaonyeshwa cha karibu, anza na simu. Mikutano ya mtandaoni ipo saa 24, mingi kwa Kiingereza. Ule wa saa sita mchana wa New York kwetu ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea kama wenzetu wamesogeza saa zao. Huo ndio muda vilabu vimejaa, kwa hiyo ulinifaa kuliko wa asubuhi. Zima kamera, andika jina moja. Bando lake halifikii gharama ya jioni moja kilabuni.

Mkitaka kuanzisha chenu, wawili mnatosha. Chagueni siku na saa, msiihamishe. Kinachotusumbua ni mazoea yetu ya vikundi. Mtanzania akisikia kikundi anauliza katiba, mwenyekiti, mweka hazina, na posho ni kiasi gani. Nimekaa na watu waliofika na kitambulisho mkononi wakitafuta pa kusaini. Haipiti muda anatokea wa kushauri tuwe vikoba, katika chumba cha watu ambao bado hawajiamini na noti ya elfu kumi mfukoni! Kataeni. AA inajitegemea: kopo linazungushwa, mwenye nacho anatia kwa ajili ya chai na chumba, asiye nacho analipitisha. Fedha ya mtu wa nje haipokelewi, hata ya mheshimiwa diwani.

Mtaulizwa pia kama hii ni dini. Hatua 12 za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, kwa kadiri kila mmoja anavyomfahamu, na hakuna dhehebu linalozimiliki. Ila mkikaa kwenye ukumbi wa parokia, ndugu yetu Mwislamu anayekunywa kwa siri hatakuja. Darasa la shule jioni linatufaa sote.

Kina mama wana mzigo ambao sisi wanaume hatuubebi. Mama anayesomesha watoto kwa wanzuki au gongo anayopika mwenyewe, ukimwambia akae mbali na pombe, akae wapi? Jiko ndilo kilabu. Kwao nashauri kikao cha wanawake peke yao, na namba ya mwanamke aliyetangulia kuacha, ya kupiga saa ileile ambayo pombe imeiva na inataka kuonjwa.

Mke, mume au mzazi wa mlevi naye ana mikutano yake, Al-Anon, iliyoanza 1951, na si lazima asubiri mlevi akubali kuacha. Nayo inapatikana kwa simu. Mke wangu aliianza kabla yangu. Alikuwa akivaa hedifoni jikoni, mimi nikidhani anasikiliza taarabu.