Sola ya karavani: hesabu matumizi kabla hujabeba paneli

Shule zikikaribia kufungwa maswali ya karavani huwa mengi, watu wanataka kuvuta trela hadi Naivasha, Baringo, wengine mpaka Turkana. Nimechagua haya, mengine yanafanana sana na yale nilishajibu.

Niko na karavani ya futi 16, niweke paneli ya wati ngapi? (Ruiru)

Ndugu yangu, hili swali linaletwa kila wiki na kila wiki nauliza kitu kimoja, unataka kuwasha nini na kwa masaa mangapi? Urefu wa karavani hauniambii chochote. Ni kama kuuliza upike unga kilo ngapi na hujasema ni watu wangapi watakula ugali.

Tuchukue familia ya watu wanne. Friji ya kompresa ya volti 12 hula kama wati 45 ikinguruma lakini haingurumi muda wote, kwa siku weka wati-saa 500. Taa sita za LED za wati 5 kwa masaa manne ni 120. Simu nne weka 60, laptopu ya wati 60 kwa masaa matatu ni 180, pampu ya maji nusu saa hivi ni 25. Jumla 885. Ongeza robo, kwa sababu umeme unapotea kwenye waya, kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) na joto la paneli, unafika kama 1100. Sasa jua. Nairobi kwa wastani wa mwaka tunapata masaa kama matano ya jua kamili kwa siku, lakini aliyeishi hapa anajua Julai, unaamka wingu liko juu na saa nane mchana bado liko hapo hapo. Kwa hivyo mimi hupiga hesabu na masaa manne. 1100 gawanya kwa 4 ni 275. Paneli za wati 300 ndio mwanzo, mimi ningeweka 400.

Na kabla hujauliza betri: siku mbili bila jua ni 885 mara mbili, 1770. Litiamu unaitumia mpaka asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hivyo betri moja ya volti 12 ya ampea-saa 200 (12 mara 200 ni wati-saa 2400) inatosha. Zile za asidi ukizimaliza zaidi ya nusu kila siku unaziua, utahitaji tatu za 100, na kila moja ina uzito wa karibu kilo 30. Hizo ni kilo 90 unavuta kwenye mlima wa Mai Mahiu wakati litiamu ya kazi hio hio haifiki 30. Watu wanaangalia bei ya dukani tu, hawaangalii hio betri ya bei rahisi itakaa miaka mingapi.

Naweza kutumia betri ya gari? Niko nayo tayari. (Kitengela)

Hapana. Hio imetengenezwa kutoa nguvu nyingi sekunde chache ipige stata, sio kulisha friji usiku mzima. Miezi michache imekwisha.

Nimeona paneli ya wati 300 bei nzuri sana mjini, ni ndogo inaingia kwenye buti ya gari. Ni ya ukweli? (Umoja)

Dada, nenda na tepu ya fundi nguo. Paneli nzuri ya kisasa mita moja mraba inatoa kama wati 200 hivi, 220 ikiwa nzuri sana. Wati 300 inataka karibu mita moja na nusu mraba, haiwezi kuwa saizi ya sinia la chai hata kibandiko cha nyuma kiseme nini. Pima urefu, pima upana, zidisha, halafu zidisha na 200, ukipata 90 basi hio ni ya wati 90. Fanya hivyo hapo hapo dukani mbele ya muuzaji, akikasirika toka. Na mkiwa Luthuli, ile barabara ya maduka ya umeme Nairobi, acheni kuuliza "hii ni orijino?", kwani mnategemea aseme hapana?

Inveta ya wati 2000 itawasha birika na maikrowevu? (Syokimau)

Itawasha, kimoja kwa wakati, kazi ya inveta ni kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Swali ulilopaswa kuuliza ni waya.

Birika la wati 2000 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 180 ukihesabu na kile inveta inapoteza. Mia na themanini! Nyaya za nyumba yako nyingi hazijawahi kuona hata 30. Asubuhi moja Naivasha, saa kumi na mbili, rafiki yangu aliweka birika la chai kwenye karavani aliyofungiwa sola na fundi aliyeletewa na mtu, mimi niko nje nafunga viatu, nikaskia harufu ya plastiki. Tukainua godoro la kitanda cha chini. Ule waya mwekundu, haukuwa mnene kushinda kalamu, ulikuwa umelainika ukashikana na mbao, na chini yake mstari mweusi wa moto urefu wa mkono. Fyuzi hakuna. Nikiuliza fyuzi iko wapi ananiangalia tu, fundi hakumwambia kuna kitu kama hicho. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa ametoka kulala juu ya hilo godoro.

Kwa hivyo nasema hivi kwa kila mtu, hata ambaye hakuuliza: fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kipande cha waya kati yao kisizidi urefu wa kiganja. Inveta ya wati 1000 taka waya wa milimita mraba 35 na fyuzi ya ampea 125, na uweke inveta karibu na betri sio upande ule mwingine wa karavani. Fundi akikuambia fyuzi sio lazima, mlipe nauli arudi kwake. Muulize leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, pia, anayo ama hana.

Na chai pikieni gesi jamani. Mtungi wa kilo 6 unachemsha maji wikendi nzima na hauli betri.

Paneli nilaze juu ya paa ama niinamishe? (Lang'ata)

Laza, tuko karibu kabisa na ikweta jua linapita juu ya kichwa. Acha nafasi ya vidole vichache chini yake hewa ipite, na panda uifute vumbi.

Kitu kinachoua umeme ni kivuli. Nimekaa chini ya mgunga pale Elementaita naangalia mita, ampea 11, tawi moja jembamba likasogea na upepo likagusa kona ya paneli, ikashuka hadi 4. Tawi likaondoka, ikarudi 11. Watu wanaegesha chini ya mti kwa sababu ya baridi ya kivuli halafu wananiandikia paneli ni mbovu.

PWM ama MPPT? Nataka kutumia paneli moja kubwa ya nyumba ya wati 400. (Kikuyu)

Hizo ni aina mbili za kontrola. MPPT, na hapo hakuna mjadala. Paneli ya nyumba inatoa volti 30 na kitu, PWM inaiburuta mpaka volti za betri na zaidi ya nusu ya hizo wati 400 unazipoteza. Chukua ya ampea 40. Halafu angalia volti ya juu zaidi ambayo kontrola inakubali, ukiipita utaichoma siku ya kwanza.

Gari ikivuta trela inaweza kuchaji betri? (Rongai)

Inaweza, lakini usiunganishe waya moja kwa moja kutoka betri ya gari, hasa kama ya trela ni litiamu. Litiamu inavuta kila ampea inapata, altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, inachemka. Weka chaja ya DC kwenda DC ya ampea 30, inakaa katikati ya betri hizo mbili na kupima umeme unaopita. Kutoka Nairobi hadi Naivasha na trela nyuma ni kama masaa mawili, hizo ni ampea-saa 60, karibu matumizi ya siku nzima ya ile familia ya juu, na bado hujatoa hata kiti nje.