Zabuni za miradi ya fedha za wafadhili: tazama kwanza nani anaruhusiwa kusaini

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeeleza kwamba kampuni yenu imesajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) daraja la nne kwa kazi za ujenzi, mna mitambo yenu, na mmesoma kwamba Serikali imesaini makubaliano na nchi rafiki kwa ajili ya mradi wa maji mkoani kwenu. Unataka kujua nyaraka za zabuni zinapatikana wapi, na kama ni kweli kwamba kazi za namna hii huwa zimeshagawiwa. Pia umesema kuna mtu aliyekushauri ulipie usajili wa SAM, ule mfumo wa Serikali ya Marekani wa kusajili wanaotaka fedha na mikataba yake. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa bei za zabuni katika kampuni ya ujenzi Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi hizo ilikuwa ya fedha za wafadhili, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Kabla ya kuuliza nyaraka ziko wapi, ulizeni fedha ni za aina gani na makubaliano yanasema nani anastahili kuzabuni. Msaada wa Japan usio na marejesho, ule uliojenga barabara ya juu ya TAZARA iliyofunguliwa mwaka 2018, humtaka mkandarasi mkuu awe kampuni ya Kijapani, na mhandisi mshauri vilevile. Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam lilijengwa na kampuni ya Korea Kusini kwa sababu mkopo ulitoka kwenye mfuko wa Korea. Mikopo ya India kupitia Benki ya Exim ya nchi hiyo, kama ule wa dola milioni 500 wa maji katika miji 28, kwa kawaida hutaka asilimia 75 ya bidhaa na huduma zitoke India. Hakuna aliyekaa chumba cha nyuma akagawa kazi hizi. Masharti hayo yamo kwenye mkataba wa serikali kwa serikali, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, ambayo baadaye ilifutwa na ile ya 2023, ilikwisha kutamka kwamba pale ilipogongana na makubaliano ya namna hiyo, makubaliano ndiyo yaliyotawala. Malalamiko ya kufungiwa nje yana haki yake kisiasa, lakini hayajawahi kumpa mtu kazi.

Ziko fedha zisizo na sharti la uraia. Uingereza iliondoa sharti hilo kwenye misaada yake mwaka 2001, na mwaka huohuo nchi wafadhili za OECD (umoja wa nchi tajiri) zilikubaliana kulilegeza kwa misaada inayokwenda nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo. Katika miradi inayofadhiliwa na Ujerumani kupitia KfW, benki yake ya maendeleo, anayetangaza zabuni na kusaini mkataba kwa kawaida ni taasisi ya hapahapa nchini, na benki hubaki na kazi ya kukagua na kutoa idhini. Huko mnaweza kusaini wenyewe au kwa ubia, ilimradi mfikie vigezo vya mauzo ya mwaka, kazi zinazofanana na dhamana ya benki. Usajili wa NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni, uwe tayari muda wote, hilo halihitaji maelezo.

Kwenye zabuni hizi kinachowaangusha watu mara nyingi ni karatasi, kabla bei haijafikiwa hata kulinganishwa. KfW ina tamko la uadilifu linalotakiwa kusainiwa na kuambatanishwa bila kubadilishwa neno. Katika zabuni moja mbia wetu, kampuni kutoka nje ya mkoa, aliletewa tamko hilo na katibu wake likiwa limechapwa upya kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, zuri kwa kulitazama, ila aya inayohusu vikwazo vya kimataifa ilikuwa imeachwa. Mwanasheria wetu aliliweka kando ya nakala ya awali na kusoma mstari kwa mstari usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Bila yeye tungekuwa na mlima wa makabrasha yasiyo na thamani. Tangu hapo fomu za mfadhili hatuzichapi upya, tunazijaza zilivyo.

Sasa nije kwenye hali yenu, ambayo nadhani ni ile ya kwanza, kwa maana mkandarasi mkuu atatoka nchi inayotoa fedha. Hapo nafasi yenu ni kuwa mkandarasi mdogo chini yake, na jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba nguvu yenu yote iko kabla hajawasilisha zabuni yake. Kampuni ngeni haijui kokoto ya kwenu inatoka machimbo gani, lori linakwenda kilomita ngapi, wala fundi bomba analipwa kiasi gani kwa siku. Itawatafuta kwa barua pepe fupi yenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, ikiomba bei kwa haraka. Mkituma bei hizo bila maandishi mengine, atazitumia kushinda, kisha akishapata mkataba atazungusha BOQ ileile kwa kampuni nyingine ili zishindane chini ya bei yenu. Mimi nimeona bei zetu, hadi senti, zikiwa mikononi mwa mshindani aliyetupigia simu kuuliza kama inawezekana kufanya kazi kwa kiwango hicho.

Kwa hiyo kabla ya kutoa bei dai makubaliano ya kabla ya zabuni, hata yawe ya kurasa mbili, yanayosema kwamba akishinda kwa bei zenu kazi hiyo ni yenu, na kwamba jina lenu litaandikwa kwenye zabuni yake kama mkandarasi mdogo. Atakayekataa kusaini kurasa mbili leo hatakuwa mwepesi kusaini hati ya malipo mwakani.

Ndani ya makubaliano hayo mpiganie malipo kwanza. Rasimu nyingi huja na kifungu cha kwamba utalipwa pale mkandarasi mkuu atakapolipwa. Ombeni idadi ya siku tangu kazi ilipopimwa na kukubaliwa. Ulizeni kuhusu malipo ya awali, kwa sababu yeye atayapata na ninyi ndio mtakaonunua dizeli ya mwezi wa kwanza. Fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo yenu inayoshikiliwa, isisubiri mradi mzima umalize kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro) ikiwa kipande chenu kilikamilika mapema. Halafu VAT: msamaha kwa miradi ya wafadhili hutolewa kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali kwa mradi husika, kwa hiyo ombeni nakala ya tangazo na mlisome kuona kama ununuzi wenu unaguswa. Neno la mdomo kwamba mradi hauna kodi halikubaliki TRA.

Katika bei zenyewe, tenganisheni vitu. Kwenye mradi mmoja wa bomba kuu mkandarasi mkuu alitaka bei moja kwa kila mita ya mtaro, udongo na mwamba pamoja. Tulikataa mpaka mwamba ukapewa mstari wake kwenye BOQ, pamoja na namna ya kuupima akiwapo mhandisi mshauri. Tulipofika vilimani, nusu ya mitambo ilikuwa ikivunja jiwe, na mstari huo ndio uliolipa mishahara.

Mkimaliza, dai cheti cha kukamilisha kazi kinachotaja kiasi na thamani ya kipande chenu. Nyaraka za zabuni za Benki ya Dunia, kwa mfano, hukubali uzoefu wa mkandarasi mdogo unapoonyeshwa kwa ushahidi, na cheti hicho kitawabeba kwenye zabuni zile zisizo na sharti la uraia.

Msidharau pia kazi ndogo. Ubalozi wa Japan hutoa misaada ya ngazi ya jamii kwa madarasa, zahanati na visima, ambapo mwombaji, yaani halmashauri au asasi, hutakiwa kukusanya nukuu za bei kutoka kampuni tatu. Ujenzi huo hufanywa na makandarasi wa hapa, na ukaguzi wake si mchezo.

Kuhusu Marekani, aliyekushauri ulipie usajili wa SAM amekupotosha mara mbili. Usajili huo haulipiwi, na USAID yenyewe ilifungwa rasmi Julai 1, 2025 baada ya kazi nyingi kusimamishwa tangu Januari. Kampuni za hapa zilizokuwa na kifungu cha kulipwa kazi iliyokwisha fanyika endapo mfadhili atasitisha zilikuwa na cha kushika. Nyingine zilibaki na stoo zimejaa.

Nendeni kwenye mamlaka ya maji inayomiliki mradi mkaulize mambo mawili: ni msaada au mkopo, na mhandisi mshauri ni nani. Ukipata majibu yaweke hapa pamoja na kile kifungu cha wanaostahili kuzabuni, nitakisoma na kukwambia ninavyokielewa.