Anayesubiri Upasuaji Mwekee Nyimbo Zake

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa upasuaji anajua kwamba saa za kungoja ndizo ngumu. Mgonjwa hajala tangu usiku, kashavaa gauni la thieta, hajui ataitwa saa ngapi. Hofu ikizidi, presha nayo hupanda, na ikipanda sana upasuaji unaweza kuahirishwa.

Shangazi yangu alipokwenda kutolewa uvimbe wa kizazi hapa Dar es Salaam, mimi ndiye niliyemuuguza. Asubuhi ile alikuwa kimya, kakamata chuma cha kitanda. Nikamwomba sista ruhusa, nikamwekea taarab za ujana wake. Mwanzoni hakusema kitu. Wimbo wa pili ulipokolea, vidole vikaanza kugonga kile chuma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii umeitoa wapi?" Tukaangukia kwenye stori za harusi za Magomeni. Hofu haikumwisha, lakini alikuwa anapumua taratibu, na anaongea.

Uchambuzi wa mwaka 2013 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 26, ulionyesha kuwa muziki hupunguza wasiwasi kabla ya upasuaji. Mwaka 2019, watafiti wa Marekani waliulinganisha muziki na dawa ya kutuliza, midazolam, kwa wagonjwa 157 waliokuwa wakisubiri kuchomwa ganzi kwenye mishipa ya fahamu kabla ya upasuaji. Muziki ulituliza wasiwasi karibu sawa na dawa. Ila waliopewa muziki hawakuridhika sana kama wenzao. Hawakuchagua wenyewe cha kusikiliza.

Hapo ndipo ninapokazania. Usimchagulie. Kaa naye siku moja kabla, muulize anapenda nini: kaswida, kwaya, dansi la zamani, Bongo Fleva, chochote. Kuwa mwangalifu na kwaya, maana nyingi tunazisikia misibani, na wimbo uliomzika mama yake si wa kumpigia asubuhi hiyo. Nyimbo alizochagua zipakue kabisa kwenye simu. Bando likikata katikati, au redio ikiingiza tangazo la vifo, umeharibu.

Sauti iwe ndogo, na avae earphone sikio moja tu ili asikie akiitwa. Wodini kuna wengine wenye maumivu, kwa hiyo spika ya simu hapana. Na akianza kuuliza habari za nusu kaputi, zima muziki kwanza, umwitie mtaalamu wa usingizi amjibu.