Mtoto mmoja aliugua, nyumba nzima ikalala

SWALI: Daktari, mwezi uliopita mwanangu wa miaka minne alirudi kutoka chekechea akiwa na homa kali, kikohozi na maumivu ya mwili. Baada ya siku tatu tulikuwa tumelala sote: mimi, mdogo wake wa miezi minne, na mama mkwe wangu mwenye kisukari. Kwa wiki mbili niliuza vitumbua siku mbili tu. Duka la dawa walinipa amoksilini, haikusaidia kitu. Mama mkwe anasema kosa ni langu, nilimtoa mtoto bila sweta. Je, ni kweli?
Mama wa Wawili, Njombe

JIBU: Pole sana, mama. Homa iliyopanda ghafla pamoja na maumivu ya mwili inafanana zaidi na homa ya mafua, yaani influenza, kuliko mafua ya kawaida ambayo huanza taratibu kwa makamasi na chafya. Hata hivyo kipimo ndicho hutoa uhakika, na mtoto mwenye homa apimwe malaria pia.

Lawama ya sweta iondoe moyoni. Ugonjwa huu huletwa na virusi, ila baridi ya Juni na Julai hutufanya tufunge madirisha na kulala tumebanana, na hapo kikohozi kimoja huwafikia wote. Dalili hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja hivi kabla hajajijua, kwa hiyo hata ungemtenga mwanao alipoanza kuchemka, huenda mdogo wake alikwisha kuambukizwa. Nazo siku ambazo jiko lako la vitumbua halikuwashwa ni sehemu ya ugonjwa huu, ingawa hakuna daftari la hospitali linaloziandika.

Amoksilini huua bakteria, haiui virusi. Daktari huitoa pale nimonia au maambukizi ya sikio yanapofuatia. Wape watoto parasetamo kwa kipimo cha uzito wao, wala usiwape aspirini kamwe, kwani huweza kudhuru ini na ubongo wa mtoto mwenye homa ya mafua.

Ninalokuomba sana ujifunze ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue nguo, tazama kifua na tumbo vikipanda, kisha hesabu kwa dakika 1 nzima ukitumia saa ya simu. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Ukiona hivyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, amelegea au amepata degedege, mpeleke hospitali usiku huohuo, usisubiri kukuche.

Chanjo ipo, nayo hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hivi hubadilika. Ulizia hospitali iliyo karibu nawe kama wanayo. Mwanao mkubwa, akichanjwa kwa mara ya kwanza, atahitaji dozi 2 zilizopishana kwa wiki 4 au zaidi. Mdogo hachanjwi mpaka atimize miezi 6. Kwa sasa kinga yake ni maziwa yako, ambayo unaweza kuendelea kumnyonyesha hata ukiugua, ukiwa umenawa mikono na kufunika pua na mdomo. Na mama mkwe, kwa sababu ya kisukari chake, awe wa kwanza kwenye foleni.