Kabati la zamani, thina na maduka ya Ujerumani

Dada, pole na hilo kabati. Umeuliza upate wapi huko Ujerumani thina ya kufutia grisi kabla ya kupaka rangi upya. Nenda Baumarkt, yaani duka la vifaa vya ujenzi kama OBI au Hornbach, ila usianze na thina. Ile kali tuliyoizoea nyumbani, Wajerumani huiita Nitroverdünnung, na ukiifutia rangi ya zamani inaweza kuivimbisha na kuibambua. Nilishaharibu mlango wa stoo hivyo hivyo.

Ulizia Anlauger, yaani dawa ya kusafishia rangi ya zamani kabla ya kupaka mpya. Unaichanganya na maji kama kopo linavyoelekeza, unavaa glavu, unasugua. Inang'oa grisi na kufubaza mng'ao, rangi mpya ipate pa kushika. Suuza kwa maji safi, acha ikauke kabisa, kisha pitisha msasa namba 180. Ila kama ni mwaloni mtupu usio na rangi, usiiguse nayo, mbao inaweza kubadilika rangi na kuwa na giza.

Spiriti, ukiihitaji, huitwa Brennspiritus, ipo hata supamaketi. Thina ya kuoshea brashi za rangi ya mafuta ni Terpentinersatz. Fungua madirisha, hata kama baridi inauma.