Programu ya Dukani Ijisasishe Yenyewe, Hata Umeme Ukikatika Katikati

Programu ya mauzo ikishasambaa kwenye maduka ya dawa Kasulu, Kibondo na Ujiji, kosa dogo la hesabu linakudai nauli na flashi mkononi. Kwa hiyo weka kisasishaji ndani ya toleo la kwanza kabisa. Toleo lililotoka bila hicho utalifuata duka kwa duka.

Kama kuna maktaba iliyokomaa, itumie: electron-updater kwa Electron (mfumo wa kujenga programu za kompyuta kwa JavaScript), Sparkle kwa Mac, WinSparkle kwa C++ ya Windows. Ukilazimika kuandika yako, seva inahitaji kifurushi cha toleo jipya na faili ndogo ya maelezo yenye namba ya toleo, ukubwa, SHA-256 (alama ya kidole ya faili) na saini ya kidijitali. Linganisha namba kipande kwa kipande. Ukizilinganisha kama maandishi, 1.10.0 itaonekana ya zamani kuliko 1.9.0 na hakuna atakayesasishwa.

Wateja wengi wanatumia bando la simu, na kupakua upya kifurushi cha MB 80 kila mtandao unapokatika ni kuwamalizia hela. Pakua kwenye faili yenye mwisho wa .part, kisha endelea ulipoishia kwa Range, kichwa cha ombi la HTTP kinachoomba sehemu tu ya faili. Seva ikijibu 206 (nakupa sehemu uliyoomba), ongeza mwishoni. Ikijibu 200 (nakupa faili nzima), imeanza faili upya: futa ulichonacho kwanza, la sivyo unaunganisha vipande viwili visivyohusiana.

SHA-256 inathibitisha tu kwamba faili imefika nzima. Aliyeingia kwenye seva yako atabadilisha kifurushi na SHA-256 pamoja. Kinachomzuia ni saini ya Ed25519, inayotiwa kwa ufunguo wa siri na kukaguliwa kwa ufunguo wa wazi: wa wazi ukae ndani ya programu, wa siri usikanyage seva kamwe. Uwe na nakala yake mahali pawili, kwa sababu ukipotea, programu zilizoko madukani hazitakubali tena sasisho lako.

Windows hairuhusu kuandika juu ya .exe inayofanya kazi. Mpangilio tunaoupendekeza ni folda moja kwa kila toleo, na kianzishi kidogo kinachosoma faili inayotaja toleo la kutumia. Faili hiyo usiihariri palepale. Andika nyingine pembeni, hakikisha imefika kwenye diski, kisha ibadilishe jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Umeme ukikatika wakati huo, duka linabaki na toleo moja zima, la zamani au jipya. Toleo jipya likishindwa kufunguka mara mbili, kianzishi kirudi nyuma chenyewe. Vyote viwe ndani ya LocalAppData, folda ya mtumiaji mwenyewe, maana Program Files inadai nywila ya msimamizi ambayo keshia hana.

Kurudi nyuma huko kuna mtego: hifadhidata. Toleo jipya likifuta safu (column) ya jedwali ambayo la zamani linaitegemea, programu uliyoirudisha haifunguki. Kurejesha nakala ya jana nako kunafuta mauzo ya leo, na hilo mwenye duka hatalisamehe. Ongeza safu tu katika toleo hili. Za zamani zifute matoleo mawili mbele. Kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, badilisha majedwali na user_version (namba ya toleo la muundo wake) ndani ya muamala mmoja (transaction), yafanyike yote au lisifanyike lolote. Nakala ya tahadhari ichukuliwe kwa amri ya VACUUM INTO. Ukinakili faili kuu peke yake wakati WAL (faili ya pembeni inayopokea maandishi mapya kwanza) inatumika, mauzo ya karibuni yanaweza kubaki nje.

Usibadilishe toleo wakati foleni ipo. Subiri programu ifungwe jioni. Anza na maduka mawili ya Mwanga, Kigoma mjini, ambako utafika haraka likitokea la kutokea, ndipo upeleke Kibondo.

Sasisho likigoma kwenye kompyuta moja tu, tazama tarehe yake. Betri ya CR2032, ile ndogo ya mviringo inayotunza saa ya kompyuta, ikifa, saa inarudi miaka nyuma kila kompyuta inapozimwa kabisa, na cheti cha seva kinakataliwa kana kwamba hakijaanza kutumika. Ujumbe useme wazi: "Rekebisha tarehe ya kompyuta." Na kwenye faili ya maelezo taja Windows ya chini inayokubalika: Electron 23 haifanyi kazi tena kwenye Windows 7, 8 wala 8.1, kwa hiyo kompyuta hizo ziachiwe toleo lao bila kupakua chochote.