Upepo umeng'oa mabati, bima yasema ni uchakavu

SWALI: Upepo wa ziwani ulinikuta nikisonga ugali. Nilisikia mlio kama lori linamwaga kokoto, kuinua macho naona mawingu. Mabati 14 yalikuwa juu ya mwembe wa jirani! Kampuni ya bima ilimtuma mkadiriaji, akapiga picha za misumari yenye kutu, akaenda zake. Sasa barua inasema paa lilichakaa, hawalipi. Nimelipia miaka sita. Nifanyeje?
Mama wa Mamboleo, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama. Soma mkataba wenyewe, si kile kikaratasi chenye picha ya familia inayocheka. Tafuta palipoandikwa dhoruba, kisha palipoandikwa uchakavu. Ubishi wenu uko hapo: ni upepo ulioangusha paa, au lingeanguka lenyewe? Kenchi iliyovunjika mahali pazima, mbao bado nyeupe ndani, inakusemea. Ipige picha, na tafadhali usiigeuze kuni. Omba Idara ya Hali ya Hewa rekodi ya upepo wa siku ile, na udai kwa maandishi nakala ya ripoti ya mkadiriaji. Wakishikilia msimamo wao, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Angalia pia kiasi ulichokatia bima. Nyumba ya milioni 2 ikikatiwa milioni 1, mikataba mingi hulipa nusu tu ya hasara, hata kama ni mabati 14. Na ukiletewa fomu ya malipo ya mwisho, usitie sahihi kabla hujapata bei ya fundi.